Mahsiri Mwenye Nundu: Umaarufu wa Karne na Nusu, Jina la Juzi

Tarehe 22 Machi 1946, J. de Wet Van Ingen, wa familia ya Mysore iliyosifika kwa kukausha na kujaza ngozi za wanyama, alitupa ndoana katika mto Kabini kusini mwa India akamtoa samaki wa ratili 120, yaani kilo 54 na ushei. Wavuvi wa mshipi bado wanaitaja rekodi hiyo kila mazungumzo yanapofika kwa mahsiri. Uzito uliandikwa, mto ukaandikwa, tarehe ikaandikwa. Kilichokosekana ni jina sahihi la kisayansi la samaki mwenyewe, na kiliendelea kukosekana kwa miaka mingine 72.

Mtu anaweza kusema jina si kitu, samaki ataogelea akiwa nalo au akiwa hana. Kwa samaki huyu mambo hayakuwa hivyo. Karibu kila balaa lililompata lina mzizi hapo: watu walimjua kwa macho, wakamsifu, wakampiga picha, lakini kwenye makaratasi alikuwa amechanganywa na samaki mwingine.

Mahsiri ni jina la jumla la samaki wa jenasi ya Tor, wanaoishi katika mito ya Asia kuanzia milima ya Pakistan hadi visiwa vya Indonesia. Ni ndugu wa mbali wa ningu na kuyu: magamba makubwa, midomo minene, sharubu fupi pembeni mwa mdomo. Wanapenda maji yanayokwenda kasi, safi, yenye mawe chini na vidimbwi virefu vya kupumzikia. Hawachagui sana chakula. Kaa, konokono, samaki wadogo, hata matunda yanayodondoka kutoka kwenye miti ya ukingoni, vyote huliwa.

Yule wa Van Ingen, mahsiri mwenye nundu wa mto Cauvery ambao Kabini huumwagia maji yake, ana alama tatu za kumtenga na wenzake. Ya kwanza ni nundu. Mstari wa mgongo wake unapotoka kichwani hauteremki wala haunyooki, bali unapinda ghafla juu ya mashavu na kupanda kabla ya kufika pezi la mgongoni. Ya pili ni taya la chini, lililokomaa na kutokeza kiasi kwamba mdomo unatazama mbele, au hata juu kidogo. Ya tatu ni mkia wenye rangi ya chungwa. Mkubwa wa kilo 30 au 40 humkosei. Ugumu ni kwa mtoto wake, ambaye bado hajajitangaza kwa mwili, na hapo ndipo wataalamu walipopotea.

Ni samaki wa mto mmoja tu, na nikisema hivyo nina maana ya bonde zima la mto huo. Cauvery huanzia Talakaveri, katika milima ya Kodagu, jimbo la Karnataka, ukasafiri takriban kilomita 800 kupitia Karnataka na Tamil Nadu hadi Ghuba ya Bengal. Njiani hupokea Kabini, Bhavani pamoja na Moyar unaoulisha Bhavani, na vijito vingine, ukiwamo Pambar unaotoka Kerala. Mahsiri mwenye nundu ameonekana ndani ya mtandao huo tu. Mto upande wa pili wa mlima unaweza kuwa karibu kiasi cha mtu kutembea kwa siku moja, lakini kwa samaki wa maji baridi umbali huo hauvukiki. Bahari hawezi kuipita, na nchi kavu ndiyo hiyo. Kwa hiyo mto kwake ni kisiwa. Kikiharibika hana pa kuhamia.

Turudi kwenye jina. Mwaka 1839 ofisa wa jeshi la Waingereza, W. H. Sykes, aliwaeleza kitaalamu samaki wa mito ya Deccan, nyanda za juu zilizo kaskazini mwa Cauvery. Miongoni mwa majina aliyotoa, mawili yanatuhusu: khudree na mussullah. La kwanza ni la mahsiri halisi, yule tunayeweza kumwita mahsiri wa mapezi ya buluu, mwenyeji wa mito inayoingia mto Krishna. La pili lilikaa vitabuni bila mwenye kulidai, hadi miaka ya 1940 mtaalamu mashuhuri wa samaki wa India, Sunder Lal Hora, alipolitumia kwa mahsiri mwenye nundu. Wengi wakamfuata. Miaka mingi baadaye, wataalamu walipofuatilia ni samaki gani hasa Sykes alikuwa ameshika mkononi, waligundua kwamba mussullah si mahsiri kabisa. Ni samaki wa jenasi nyingine, Hypselobarbus. Kwa maneno mengine, mfalme wa Cauvery alikuwa amevaa kanzu ya mtu mwingine, na alipovuliwa akabaki uchi.

Wakati huohuo, upande wa Kerala, watafiti wawili, Kurup na Radhakrishnan, walikuwa wamewakuta samaki wadogo wa jenasi ya Tor katika mto Pambar, ndani ya hifadhi ya Chinnar. Wakawapa jina Tor remadevii, kwa heshima ya K. Rema Devi, mtaalamu wa samaki wa taasisi ya utafiti wa wanyama ya India. Ilikuwa taarifa ya kawaida kabisa. Hakuna aliyewatazama vijana wale wa Pambar akasema: hawa ndio watoto wa lile jitu la Van Ingen. Kulikuwa na jina lisilo na umaarufu mahali pamoja, na umaarufu usio na jina mahali pengine, ndani ya bonde lilelile.

Mwaka 2018 kundi la wanasayansi wa India na Uingereza, wakiongozwa na Adrian Pinder wa Chuo Kikuu cha Bournemouth, lilichapisha utafiti uliofungua fundo. Walikuwa wamewapata mahsiri wenye nundu katika mto Moyar. Wakapima maumbile yao, wakasoma vinasaba vyao, wakawalinganisha na wale wa Pambar. Ni samaki mmoja. Mnamo Novemba mwaka huohuo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, likamwingiza Tor remadevii katika Orodha Nyekundu moja kwa moja kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, ngazi ya mwisho kabla ya kutoweka porini.

Mfuatano huo unashangaza ukiutazama vizuri. Chui milia, tembo, hata konokono wa kijito kimoja, wote hupimwa hali yao kwa jina. Spishi isiyo na jina linalokubalika haipimwi, na isiyopimwa haiingii kwenye mipango wala bajeti ya mtu. Mahsiri mwenye nundu alikuwa samaki maarufu kuliko wote wa mito ya India, na kwa miongo yote hiyo hakuwa na pa kuandikwa.

Kuna jambo jingine lililotokea ndani ya pengo hilo, nalo kwangu ndilo kiini cha kisa chote.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20, wavuvi wa mshipi na wahifadhi nchini India walianza kupiga kelele kwamba mahsiri wanakwisha. Kelele zilikuwa za haki. Kampuni ya umeme ya Tata, yenye mabwawa katika milima ya jimbo la Maharashtra, ikaanzisha huko Lonavla kituo cha kutotolesha vifaranga, na kuanzia miaka ya 1970 ikawa inazalisha mahsiri kwa maelfu na kuwagawa sehemu mbalimbali za nchi. Mahsiri aliyekuwa karibu, aliyekubali kuzalishwa, alikuwa yule wa mapezi ya buluu, Tor khudree. Vifaranga vyake vilipelekwa pia Cauvery. Nani angekataa? Mahsiri wanapungua, mahsiri wanaongezwa. Kama majina yangekuwa yamenyooka, mtu mmoja angeuliza: huyu mnayemleta ni mahsiri gani, na yule aliyemo ni yupi? Lakini wote waliitwa mahsiri, na swali halikuulizwa kwa sauti ya kutosha.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja na mwenyeji akaugua. Samaki wa mapezi ya buluu alistawi katika mto ambao haukuwa wake. Anakula vyakula vilevile na kutafuta vidimbwi vilevile. Isitoshe, spishi mbili za jenasi moja zikiwekwa pamoja, hatari ya kuchanganya damu huja pia, na mtoto wa mchanganyiko haongezi hesabu ya samaki unayetaka kumwokoa. Nasisitiza kwamba hakuna mtu mbaya katika sehemu hii. Kila kifaranga kilichotiwa mtoni kilitiwa kwa nia njema, na wavuvi wa mshipi wenyewe walishangilia.

Tumejuaje yote haya, ikiwa wakati huo hakuna mwanasayansi aliyekuwa akiwahesabu? Kwa madaftari. Katika Cauvery ya kati, kwenye kambi za uvuvi wa burudani kama Galibore, wageni walilipa kuvua kwa mshipi kwa sharti la kumwachia samaki baada ya kumpima. Waongozaji wao, wengi wakiwa wanakijiji wa palepale, waliandika kila kitu: saa zilizotumika, samaki waliopatikana, uzito wa kila mmoja. Madaftari ya kuanzia 1998 hadi 2012 yalipokusanywa na kufanyiwa hesabu, yalikuwa na zaidi ya saa 23,000 za uvuvi na zaidi ya mahsiri 6,000, kuanzia wa nusu kilo hadi wa karibu kilo 47.

Ukijumlisha kijuujuu, habari ni nzuri. Idadi ya mahsiri kwa kila saa ya uvuvi ilikuwa ikipanda mwaka baada ya mwaka. Mhifadhi yeyote angeiweka hesabu hiyo kwenye ripoti na kuomba pongezi. Lakini wastani wa uzito ulikuwa ukishuka. Watafiti walipowatenga samaki kwa aina, wenye nundu upande huu na wa mapezi ya buluu upande ule, picha iligeuka. Ongezeko lote lilikuwa la mgeni. Mwenyeji alikuwa akipungua, na waliobaki kunaswa walikuwa majitu yaliyozeeka. Wadogo hawakuonekana. Kwa samaki anayeishi miaka mingi dalili hiyo inatisha kuliko kupungua kwenyewe, kwa sababu mto unaweza kuendelea kuwa na wazee wa kupigwa picha wakati kizazi kipya kimekwisha kukatika. Unaona babu na bibi kibarazani, hujui kwamba ndani hakuna mtoto.

Hesabu moja iliyojumlishwa vibaya ingeweza kumzika samaki huku watu wakipiga makofi. Tangu niielewe sehemu hii, nikisoma popote kwamba samaki wa mto fulani wameongezeka, swali langu la kwanza ni: samaki gani?

Mwaka 2012 uvuvi wa burudani ulikoma katika maeneo yaliyohifadhiwa ya Cauvery, baada ya mamlaka kuisoma upya sheria ya wanyamapori ya 1972 na kuona kwamba kuvua kwa mshipi ndani ya hifadhi ni sawa na kuwinda. Kambi zikabadilisha biashara. Hapa wahifadhi waligawanyika, na bado wamegawanyika. Upande mmoja unasema: ni hifadhi ya wanyamapori, hatuwezi kumkataza mtu kumrushia swala mshale huku tukimruhusu mwingine kumtoboa samaki mdomo kwa starehe. Upande wa pili, wakiwamo watafiti wa yale madaftari, unajibu kwamba kambi zilileta walinzi na ajira. Chama cha wapenda wanyamapori cha kusini mwa India, chenye makao Bengaluru, kilikuwa kikikodi sehemu za mto na kuzilinda tangu miaka ya 1970. Watu waliokuwa wakivua kwa baruti walipata mshahara wa kuwa waongozaji. Kambi zilipofungwa, macho yakaondoka mtoni na madaftari yakafungwa nayo.

Mimi naona kila upande una nusu ya haki, lakini nusu hizo hazilingani kwa uzito. Maumivu ya ndoana ni kweli. Ila baruti huua kila kilichomo kwenye kidimbwi, mkubwa na mchanga, aliyetafutwa na asiyetafutwa, na mvuvi huokota wachache tu wanaoelea. Kama kuondoka kwa mwenye mshipi kunampisha mwenye baruti, samaki hajanufaika na sheria hiyo. Hata hivyo wapenzi wa mshipi wasijione watakatifu, kwani shauku yao ya kuona mto umejaa mahsiri wa kuvuliwa ilisaidia kuleta vifaranga vya mgeni.

Mabwawa nayo yana sehemu yake. Cauvery ni miongoni mwa mito ya India iliyofungwa mapema na kufungwa kwelikweli. Kituo cha umeme cha Shivanasamudra kilianza kazi mwaka 1902, kikipeleka umeme kwenye machimbo ya dhahabu ya Kolar. Bwawa la Krishnaraja Sagara lilianza kujengwa mwaka 1911 na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1930, na la Mettur likafuata mwaka 1934. Baadaye yakaja mengine, likiwamo la Kabini, katika mto uleule wa rekodi ya 1946. Mahsiri hupanda mto mvua za monsuni zinapojaza maji, akitafuta changarawe safi ya kutagia. Ukuta ukisimama katikati, safari inaishia hapo. Na hata pasipo na ukuta karibu, maji yanayofunguliwa na kufungwa kwa mahitaji ya umeme hupanda na kushuka ndani ya siku moja kwa namna isiyofuata msimu wowote ambao samaki anaujua. Ongeza uchimbaji wa mchanga, unaoiondoa ile sakafu ya kutagia, na maji machafu ya miji inayokua.

Maji ya Cauvery yana kesi ndefu kuliko umri wa watu wengi wanaoyanywa. Mysore na Madras, watangulizi wa majimbo ya Karnataka na Tamil Nadu, waliandikiana mkataba mwaka 1892, wakaandikiana mwingine 1924. Baraza la usuluhishi liliundwa mwaka 1990 na kutoa uamuzi wake wa mwisho mwaka 2007, kisha Mahakama Kuu Kabisa ya India ikatoa hukumu Februari 2018. Karnataka na Tamil Nadu wamebishana kuhusu mashamba ya mpunga, maji ya kunywa ya Bengaluru, miaka ya ukame. Katika mgawo wa namna hiyo kila tone lina mwenye kulidai, na samaki hana wakili. Sasa Karnataka inataka kujenga bwawa jingine Mekedatu, mahali mto unapobanwa na miamba kiasi kwamba jina lenyewe kwa Kikannada lina maana ya mruko wa mbuzi. Likijengwa, litafunika sehemu kubwa ya msitu wa hifadhi ya Cauvery. Tamil Nadu inapinga, na hoja yake kuu ni kiasi cha maji kitakachofika chini.

Wengine huuliza kwa nini basi asizalishwe huyu mwenye nundu kama alivyozalishwa yule wa buluu, mto ukajazwa upya. Swali ni la maana, ila lina mitego. Wazazi wa kuanzia wanapaswa kutoka kwa wachache waliobaki porini, na kila mmoja unayemchukua unampunguza kule. Ukiwachukua wawili watatu tu, watoto wote watakuwa ndugu, na vinasaba vilivyosalia vitazidi kuwa finyu. Lazima uhakikishe kwa vipimo kwamba hawana damu ya mgeni. Kisha utawaachia wapi, ikiwa kwenye vidimbwi vya zamani mwenye mapezi ya buluu ndiye mwenye nyumba? Kumwondoa samaki aliyekwisha kuzaana katika mto mkubwa wenye mawe ni kazi ambayo haijulikani hata pa kuianzia. Yeye mwenyewe, kwa bahati yake, amepata nafuu: khudree aliwahi kuorodheshwa kuwa hatarini, na sasa yumo katika daraja la wasiotia wasiwasi mkubwa.

Waliosalia wa Tor remadevii wamegawanyika katika vipande vichache vya bonde la Cauvery vilivyotengana. Kimojawapo ni Moyar, mto uliotegua kitendawili cha jina. Unatoka kwenye milima ya Nilgiri na kupita kwenye korongo refu, huku msitu wa Mudumalai ukiwa upande mmoja na Bandipur upande wa pili, yote miwili ikiwa hifadhi za chui milia. Huko tembo hushuka mtoni kunywa maji, na mtu mwenye akili zake haendi usiku na fungu la baruti. Tishio la bondeni lipo kwa namna nyingine, kwa kuwa juu kuna vituo vya umeme vya Pykara na Moyar na chini mto unaishia kwenye bwawa la Bhavanisagar. Kati ya mashine za juu na bwawa la chini, mto bado una mawe yake, vidimbwi vyake, na samaki wenye mikia ya rangi ya chungwa.